Kompyuta ya mwalimu iliyogoma kuwaka

Kompyuta iliyowekwa mezani kwangu Ngamiani, mjini Tanga, ilikuwa ya aina ya mnara, yenye prosesa (ubongo wa mashine) ya Core 2 Duo, ramu (kumbukumbu ya muda) mbili za DDR2 za gigabaiti 1 kila moja, diski kuu ya SATA ya gigabaiti 160, na Windows XP. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu darasa la sita, na sasa ni mtunza hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwao Chumbageni. Daftari la hisa, mikopo na marejesho ya wanachama 29 lilikuwa ndani ya mashine hiyo, na nakala pekee iliyokuwa nje yake ni karatasi zilizochapishwa mwaka mmoja na nusu kabla. Fundi wa kwanza alikaa na mashine majuma matatu, kisha akahitimisha kuwa madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vipuri vyote, imekufa. Akamshauri mwalimu anunue mashine nyingine ya mtumba, diski ihamishiwe humo na kupigwa Windows upya, yaani kusimikwa mfumo mpya juu ya ule wa zamani.

Ushauri huo wa mwisho ndio ulionifanya niandike kisa hiki kwa urefu. Kama ungefuatwa jinsi ulivyotolewa, kumbukumbu za fedha za watu 29 zingefutwa kwa sababu ya hitilafu ambazo hata moja haikuwa ndani ya diski.

Nilianza kwa maswali kabla ya kushika bisibisi. Neno letu la kuwaka linabeba mambo mengi mno: taa ikiwaka tunasema mashine imewaka, feni ikizunguka imewaka, kioo kikitoa maandishi imewaka, na Windows ikifika kwenye mezani yake, ile skrini ya kuanzia kazi, pia imewaka. Mteja anaposema kompyuta yake haiwaki, fundi huwa bado hajaambiwa kitu, na akikimbilia kubadilisha vipuri hapo atakuwa anapiga ramli.

“Shikamoo mwalimu. Siku za mwisho kabla haijazima kabisa, ilikuwaje asubuhi ukiiwasha?”

“Marahaba, mwanangu. Asubuhi ilikuwa inagoma. Nikibonyeza, feni inashtuka kidogo halafu kimya. Basi naiacha imechomekwa, nanywa chai, baada ya kama nusu saa nikirudi inakubali. Nikaona ni kama gari la dizeli, lazima kwanza lipate moto.”

“Na ikishakubali, inazima katikati ya kazi?”

“Hapana, inakwenda mpaka jioni. Jioni mimi huzima na soketi ya ukutani, kwa ajili ya umeme wetu huu.”

“Saa yake ilikuwa sahihi?”

Alifikiri kidogo. “Hiyo saa ilikuwa ikichelewa. Kila asubuhi nairekebisha, mara dakika kumi, mara nusu saa. Sikuitilia maanani.”

Majibu hayo matatu yalikuwa na uzito kuliko vipimo vyangu vyote vya siku ile, ingawa la tatu nililielewa kwa ukamilifu baadaye. Mfano wa gari la dizeli ulikuwa sahihi kuliko mwalimu mwenyewe alivyodhani. Mashine inayokataa ikiwa baridi na kukubali baada ya kukaa kwenye umeme huelekeza kidole kwenye kapasita (vipuri vidogo vinavyotunza chaji na kutuliza umeme) za pawa saplai, kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo za kompyuta. Kapasita ya aina hiyo ina kimiminika ndani yake. Miaka ikipita na joto likiizunguka, kimiminika hukauka, na ukinzani wake wa ndani hupanda. Ukinzani huo huwa mkubwa zaidi kapasita inapokuwa baridi, kwa hiyo umeme unaotoka huwa umejaa mawimbi na haufikii kiwango. Ikiachwa imechomekwa, sehemu ndogo ya pawa saplai inayofanya kazi muda wote hupasha joto vilivyo jirani yake, ukinzani unashuka, na mashine inajikongoja hadi kuwaka. Kila mwezi muda wa kusubiri unaongezeka, hadi siku inapogoma kabisa.

Inafaa hapa kueleza kinachotokea kidole kinapobonyeza kitufe, maana uchunguzi wote uliofuata ulipita njia hiyo hiyo. Pawa saplai ikichomekwa tu, kabla ya kubonyeza chochote, hutoa volti 5 za kusubiri kupitia waya wa zambarau. Umeme huo mdogo ndio unaoiwezesha madabodi kuhisi kitufe. Kikibonyezwa, madabodi huuvuta waya wa kijani chini hadi sifuri, na hiyo ndiyo amri kwa pawa saplai kufungulia umeme mkubwa: volti 12 kwenye waya wa njano, 5 kwenye mwekundu, 3.3 kwenye wa rangi ya chungwa. Pawa saplai hujipima kwanza, na umeme ukitulia ndipo hutuma ishara ya ridhaa kwa waya wa kijivu. Prosesa huanza hapo kusoma bayosi, programu ndogo ya kuanzia iliyomo kwenye madabodi. Bayosi hukagua ramu, huamsha kioo, hutafuta diski, kisha hukabidhi kazi kwa mfumo uliomo kwenye diski. Kila kituo cha safari hii kina dalili yake ya nje, na kazi ya fundi ni kujua msafara umekwama kituo gani.

Mashine ya mwalimu ilikuwa imekwama kituo cha kwanza kabisa. Nilipoichomeka, baada ya kuhakikisha swichi ndogo nyuma ya pawa saplai iko kwenye 230, kitaa cha kijani cha madabodi kilikuwa kinapepesa kwa unyonge badala ya kusimama imara. Niliingiza ncha ya mita ya kupimia volti nyuma ya plagi ya pini 24, kwenye waya wa zambarau. Mita ilisoma 4.1, ikashuka 3.8, ikarudi 4.2. Kiwango kinachokubalika hakizidi asilimia 5 juu wala chini, yaani kati ya 4.75 na 5.25. Madabodi iliyonyimwa umeme wa kuhisi kitufe haiwezi kuhukumiwa kuwa imekufa, kwa kuwa hakuna aliyeipa nafasi ya kuishi.

Ili nisibaki na shaka, niliitoa pawa saplai nje, nikaitenga na mashine yote, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, na kwenye waya wa njano nikaweka balbu ya breki ya gari ya wati 21 iwe mzigo. Balbu ilimulika mara moja, feni ikashtuka, vyote vikazima. Dalili aliyoieleza mwalimu ilikuwa imejirudia mezani bila madabodi kuwepo, na hilo liliiondolea madabodi lawama ya kituo hiki.

Nilifungua pawa saplai hiyo kwa sababu nilitaka kuona kwa macho, lakini sipendi msomaji aige hatua hii kama hana mazoea nayo. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishageuzwa kuwa wa mkondo mmoja hufika karibu volti 325 kwenye kapasita kubwa za upande wa kuingilia, na chaji hiyo inaweza kubaki muda mrefu baada ya kuchomoa. Niliiacha usiku kucha, na asubuhi nikapima kwanza kapasita hizo kubwa kabla ya kugusa chochote. Upande wa kutolea, nyuma ya bonge la nyaya, kulikuwa na kapasita mbili za mikrofaradi 1,000 ambazo vichwa vyake, vinavyotakiwa kuwa bapa kama kifuniko cha kopo, vilikuwa vimevimba. Moja ilikuwa imepasuka kwenye ule mkato wa msalaba unaochorwa juu yake makusudi ili ifungukie hapo, na utomvu wa kahawia ulikuwa umekauka pembeni yake kama ulimbo. Kapasita zote mbili zilikuwa kwenye njia ya volti 5 za kusubiri.

Mafundi wa umri wangu tunaikumbuka sura hiyo. Mashine nyingi zilizotengenezwa kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000 zilikuja na kapasita zenye kimiminika kibovu, na zilivimba hata kwenye madabodi zenyewe, hasa zile zinazoizunguka prosesa. Kwa hiyo nilizikagua na za madabodi, moja moja, kwa tochi. Zote zilikuwa bapa na kavu. Kabla ya kumwambia mteja mashine yake ni ya kutupwa, ukaguzi huo wa dakika mbili ni haki yake.

Ningeweza kulehemu kapasita mpya mbili, na kwa mashine ya kwangu ningefanya hivyo. Kwa mashine yenye kumbukumbu za fedha za watu niliamua kuweka pawa saplai nyingine nzima, ya mtumba lakini iliyopimwa: volti 12.1 bila mzigo na 11.9 ikiwa na balbu, na zile za kusubiri 5.06. Nililinganisha pia mpangilio wa rangi za nyaya kwenye plagi kabla ya kuchomeka, kwa kuwa zipo mashine za zamani ambazo plagi yake inafanana kabisa na ya kawaida huku nyaya zimepangwa kivingine, na kosa hilo moja linaunguza kila kitu.

Nilipobonyeza kitufe, feni zote zilizunguka bila kusita, kitaa kikasimama, na kioo kikabaki cheusi.

Hapa ndipo fundi wengi huvunjika moyo, nami nakiri kwamba kwa dakika chache niliwaza kuwa huenda fundi wa kwanza alikuwa sahihi. Feni zinazunguka, mlio hakuna, kioo hakuna. Hata hivyo lilibaki jaribio moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa ufundi alijue kabla ya mengine yote, kwa sababu halihitaji kifaa na linajibu swali gumu kuliko yote: je, madabodi na prosesa vina uhai? Nilizima, nikachomoa waya wa ukutani, kwa kuwa zile volti za kusubiri huendelea kuwemo kwenye madabodi hata mashine ikiwa imezimwa. Kisha nikazitoa ramu zote mbili, nikahakikisha spika ndogo imechomekwa kwenye pini zake, nikawasha.

Mashine ililia. Milio mirefu, inayojirudia, ya kulalamikia ramu.

Mlio huo hautoki hewani. Ili utoke, prosesa lazima iwe imeamka, iwe imeisoma bayosi, iwe imeitafuta ramu na kuikosa, na iwe imeiamuru spika ilie. Madabodi inayolalamika kwamba haina ramu imejithibitisha yenyewe kuwa hai. Fundi wa kwanza, kwa kuwa alikuwa akitumia pawa saplai ile ile mbovu, hakuweza kuufikia ushahidi huu hata kama angelifanya jaribio hilo. Simlaumu kwa kutojua kilichokuwa kimeharibika. Ninachokikataa ni hukumu ya kifo iliyotolewa kabla ya mshitakiwa kupewa umeme.

Swali likawa ni kwa nini ramu zikiwemo mashine inakaa kimya, na zisipokuwemo inalia. Niliinamisha kasha na kumulika nafasi za ramu. Ramu ya pili ilikuwa imeingizwa upande: kibanio cha kulia kilikuwa kimeng’ata kwenye pengo lake, cha kushoto kilikuwa kimesimama kama sikio la punda. Bila shaka ilitolewa na kurudishwa wakati wa uchunguzi wa kwanza. Zaidi ya hapo, meno ya ramu zote mbili yalikuwa yamefifia, yana ukungu wa kijivu. Tanga ni mji wa bahari, madirisha ya mwalimu yanatazama upepo, na hewa yenye chumvi na unyevu hufanya kazi yake polepole kwenye kila chuma kilichoachwa wazi. Niliyasugua meno kwa ufutio mweupe wa penseli, nikayapangusa kwa spiriti, nikapuliza vumbi kwenye nafasi, kisha nikarudisha ramu ya kwanza peke yake, nikiisukuma kwa vidole gumba viwili hadi vibanio vyote vikajifunga vyenyewe kwa mlio wa kak.

Kioo kiliwaka. Niliiendesha programu ya kupima ramu, Memtest86+, kwa saa tatu bila kosa. Ramu ya pili, nilipoijaribu peke yake, mashine iliwaka lakini kipimo kilionesha makosa kabla ya robo saa kuisha, na yakajirudia nilipoihamishia nafasi nyingine. Niliiweka pembeni. Windows XP na daftari la hesabu vinatosheka na gigabaiti 1, na ramu yenye makosa ya mara moja moja ni hatari kuliko kukosa ramu, kwa sababu inaweza kuharibu tarakimu wakati wa kuhifadhi bila kumwambia mtu yeyote.

Maandishi ya kwanza kuonekana kwenye kioo hicho yalikuwa onyo la bayosi kwamba mipangilio iliyohifadhiwa imeharibika na ile ya kiwandani imepakiwa, pamoja na tarehe ya miaka mingi nyuma. Ilikuwa rahisi kubonyeza F1 na kuendelea, na ndivyo nilivyofanya, kwa haraka ya kutaka kuona kama Windows ipo. Nembo ya Windows XP ikatokea, vile vidonge vitatu vya buluu vikaanza kukimbia chini yake, kisha kioo kikamulika buluu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mashine ikaanza upya. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu niliizima.

Katika mji wetu, mashine inayofanya hivyo hupigwa Windows siku hiyo hiyo. Neno hilo la kupiga limekuwa dawa ya kila ugonjwa. Kompyuta nzito, inapigwa Windows. Haisomi printa, inapigwa Windows. Inazunguka yenyewe, inapigwa Windows. Najua sababu yake, kwa kuwa mteja yuko mlangoni, kazi hiyo inalipwa, na mara nyingi mashine huondoka ikiwaka. Lakini kupiga Windows kunaandika juu ya diski, na kilichoandikiwa juu yake mara nyingi hakirudi. Tangu nilipoona mwanafunzi akipoteza utafiti wake wote kwa njia hiyo, nimejiwekea utaratibu ambao siuvunji: majaribio yasiyoandika chochote kwenye diski yatangulie yote, na kabla ya jaribio la kwanza linaloandika, nakala iwe imeshatoka.

Kwa hiyo niliwasha mashine kwa flashi yenye Puppy Linux, mfumo mwepesi unaokaa ndani ya ramu bila kuigusa diski. Diski ilionekana mara moja. Nikasoma kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe: sekta (vipande vidogo vya diski) 12 zilizoharibika na kuhamishiwa sehemu ya akiba, sekta zinazosubiri kuhamishwa 0. Kwa diski ya umri ule hiyo si dalili ya kufa leo, ingawa si diski ya kuiamini peke yake. Niliifungua ya kusomwa tu, nikanakili folda ya nyaraka zote kwenye flashi mbili, na nikampigia simu mwalimu aje.

Alipofika nilikuwa nimelifungua daftari kwenye programu ya majedwali iliyomo kwenye Puppy. Hakukaa. Aliinama, akaweka miwani, akasema, “Shuka mstari wa 17. Huyo alikopa laki nne, akarudisha mara mbili, inatakiwa ibaki laki moja na nusu.” Nikashuka. Ilikuwa 150,000. Akanitajia mistari mingine minne kwa kichwa, na yote ilikubaliana. Ndipo alipovuta kiti.

Sasa niliweza kuichunguza skrini ya buluu bila moyo kudunda. Nilibonyeza F8 mashine ilipoanza na kuchagua kuzuia kujiwasha upya kunapotokea kosa, na skrini ikasimama nikaweza kuisoma: STOP 0x0000007B. Msimbo huo una maana moja pana, kwamba Windows imeanza safari lakini imepoteza njia ya kuifikia diski inayowakia. Sababu zinaweza kuwa diski inayokufa, sehemu ya kuanzia iliyoharibiwa na virusi, au kiendeshi, programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, kisicholingana na jinsi bayosi inavyoiwasilisha diski. Niliijaribu hali ya usalama, nayo ikaishia hapo hapo, jambo ambalo halikunishangaza kwa kuwa hali hiyo inapita kwenye kiendeshi kile kile cha diski.

Lakini Linux ilikuwa imeisoma diski hiyo hiyo, kwa waya huo huo, kwenye madabodi hiyo hiyo, na kufungua faili bila kusita. Sekta zilikuwa nzima, mgawanyo wa diski ulikuwa mzima. Kilichobaki ni ile njia, na hapo maandishi ya kwanza niliyoyapita kwa F1 yakanirudia, pamoja na saa ya mwalimu iliyokuwa ikichelewa.

Nilipima betri ya sarafu ya madabodi, CR2032, ambayo ikiwa mpya hutoa volti 3 na zaidi kidogo. Ilisoma 1.7. Betri hiyo ndiyo inayotunza saa na mipangilio ya bayosi mashine inapokuwa haina umeme kabisa. Mashine iliyochomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, hutumia zile volti za kusubiri na betri inapumzika. Ya mwalimu ilikuwa ikizimwa ukutani kila jioni, kwa hiyo betri ilikuwa inafanya kazi kila usiku. Ilipoanza kuchoka, saa ilichelewa huku mipangilio ikiwa bado inashikilia. Kisha mashine ikakaa majuma matatu kwenye rafu ya fundi wa kwanza bila kuchomekwa, betri ikaisha, na mipangilio yote ikapotea gizani wakati kila mtu anaamini madabodi imekufa.

Mpangilio mmoja kati ya hiyo iliyopotea ndio uliokuwa na maana. Windows XP ilitoka mwaka 2001, na diski yake ya kusimikia haina kiendeshi cha AHCI, namna ya kuwasiliana na diski za SATA iliyokuja baadaye. Mashine za kizazi cha Core 2 Duo, kilichoanza kuuzwa mwaka 2006, nyingi zilikubali namna zote mbili, AHCI na ile ya zamani ya IDE, na bayosi ndiyo inayoamua. Aliyemuuzia mwalimu mashine hii ya mtumba, ili XP ikubali kusimikwa, alilazimika kuhamisha bayosi kwenda IDE. Kwa miaka yote XP ilijua kuongea na diski kwa IDE peke yake. Bayosi iliporudi kwenye mipangilio ya kiwandani, ikarudi AHCI. Windows ikaamka, ikaitafuta diski kwa lugha inayoijua, haikupata jibu, ikasimama. Linux inazijua zote mbili, ndiyo maana haikuona tatizo.

Niliweka betri mpya kwanza, kwa kuwa kurekebisha mpangilio bila betri kungedumu hadi jioni tu, mwalimu atakapozima soketi. Nikaingia kwenye bayosi, nikarekebisha tarehe na saa, nikabadilisha AHCI kuwa IDE, nikahifadhi. Jambo zuri la hatua hii ni kwamba kama ningekuwa nimekosea, ningerudisha nilivyokuta na hakuna hata baiti moja kwenye diski ambayo ingekuwa imeguswa.

Vidonge vitatu vya buluu vilikimbia, vikakimbia tena, na mezani ya Windows ikafunguka na picha ya wajukuu wa mwalimu ikajaa kioo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kawaida: nilibadilisha mafuta ya prosesa, yale yanayopitisha joto lake kwenda kwenye kipozeo, yaliyokuwa yamekauka kama chokaa, nikapuliza vumbi, nikafunga nyaya zisiguse feni. Kwa upande wa matumizi tulikubaliana mambo ambayo mwalimu aliyaandika mwenyewe. Mashine haitaunganishwa na intaneti, kwa kuwa Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya XP tarehe 8 Aprili 2014. Kila baada ya kikao cha kikundi, daftari litanakiliwa kwenye flashi mbili, moja ikae kwa mwalimu na nyingine kwa katibu, kwenye nyumba tofauti. Na kutokana na sekta zile 12, kikundi kianze kuchanga fedha za mashine nyingine bila kungoja hii ianguke. Nilimweleza pia kuwa kuzima soketi ya ukutani ni desturi nzuri kwa umeme wetu na aendelee nayo, ila betri ya saa ataibadilisha mapema kuliko mtu anayeacha mashine imechomekwa, na kwamba saa ikianza tena kuchelewa asiirekebishe na kunyamaza.

Nilipita Chumbageni baada ya miezi miwili. Ilikuwa asubuhi, soketi ndiyo kwanza imewashwa, na mashine ilikubali kwa kubonyezwa mara moja. Volti za kusubiri zilikuwa 5.05. Sekta zilizohamishwa zilikuwa bado 12. Nilimwomba mwalimu saa yake ya mkononi, nikaiweka mbele ya kioo, na zikapishana kwa sekunde chache tu.